Sanduku Lako la Barua Liko kwa Nani? Historia ya Seva ya Barua Pepe, Kutoka Lokitaung Hadi Kakuma

Kila nikitaja habari ya kujiwekea seva ya barua pepe nyumbani, mtu wa kwanza kujibu huniambia kitu kilekile: "Buda, hayo ni mambo ya Nairobi. Hapa Lodwar stima inapotea, mtandao unalala, utaweza wapi?"

Naelewa. Lakini historia inasema kinyume kabisa. Barua pepe za mwanzo huku Afrika Mashariki zilibebwa na watu waliokuwa na simu mbovu kuliko zetu na stima isiyo na uhakika kama yetu. Kinachotuzuia leo si stima. Ni kitu kingine, na watu wa Turkana tunakijua vizuri sana, ila tu kimebadilisha nguo. Kaa chini nikueleze.

Barua za huku zimekuwa na mlinzi siku zote

Tuanze na karatasi. Wakati wa mkoloni, Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mtu wa nje hakuingia bila kibali cha serikali. Mpaka leo utasikia mzee akipanda gari la kwenda Kitale anasema "naenda Kenya". Si mzaha, ni kumbukumbu.

Kwa sababu ilikuwa imefungwa, serikali iliona ni mahali pazuri pa kumweka mtu asisikike. Baada ya kesi ya Kapenguria mwaka 1953, Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung, kaskazini mwa hapa. Mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar, na 1961 akapelekwa Maralal. Pale Lokitaung hakukuwa na haja ya ukuta mrefu, maana jangwa lenyewe lilikuwa ukuta. Kilichohitaji kulindwa ni barua. Karatasi ya mfungwa ilipita kwanza mezani kwa ofisa, na ofisa ndiye aliyeamua kama itaendelea na safari.

Halafu mwaka 1958 barua moja ikatoka kisiri, ikiikwepa ile meza. Ilieleza hali ya wafungwa na ikachapishwa London kwenye gazeti la The Observer. Mwaka huohuo Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema wale watu waliofungwa bado ndio viongozi. Sisemi barua moja ilileta uhuru. Nasema serikali yenye bunduki na ndege iliona karatasi moja iliyopita bila ruhusa kuwa ni tatizo kubwa. Fikiria hapo kidogo.

Sogea hadi 1992. Kambi ya Kakuma inafunguliwa, na kati ya waliofika wa kwanza ni maelfu ya watoto wa Sudan waliotembea hadi Ethiopia na kurudi, bila wazazi. Mtoto kama huyo anamwandikia mama yake vipi? Kulikuwa na fomu za Msalaba Mwekundu. Karatasi ya wazi, haifungwi kwa bahasha, na ndani unaandika habari za familia tu. Siasa hapana. Karatasi ile ilipita mkono hadi mkono, na kila mkono uliweza kuisoma. Ilisaidia watu wengi mno kujua nani yuko hai, na sitaidharau hata siku moja. Lakini tazama mpangilio wake: njia si yako, sheria si zako, na barua inasomeka.

Na sisi wenyeji je? Wakenya wengi hatuna sanduku la barua mlangoni. Tuna S.L.P. pale posta, Lodwar 30500 au Kakuma 30501. Na wengi hata hiyo hatuna. Tumeazima ya shule, ya kanisa, au ya mjomba ambaye ni mwalimu. Barua yako ya kuitwa kazini inafikia sanduku la mjomba. Mjomba akiwa safarini, unangoja. Mjomba akikasirika, ndiyo basi tena.

Shika hilo neno, sanduku la mjomba. Tutalihitaji.

Kompyuta moja, modemu moja, na simu ya usiku

Sasa tuingie kwenye barua pepe. Mwaka 1984 kijana mmoja wa Marekani anayeitwa Tom Jennings alianzisha FidoNet. Wazo lilikuwa rahisi: kompyuta za watu binafsi, majumbani mwao, zinapigiana simu usiku wakati bei iko chini, zinabadilishana mafurushi ya ujumbe, kisha zinakata. Haikuhitaji kampuni wala kuunganishwa saa 24.

Wazo hilo lilifika Afrika mapema kuliko intaneti yenyewe. Nairobi kulikuwa na shirika la mazingira, Environment Liaison Centre International, kwa kifupi ELCI, lililokuwa na kituo cha Fido. Kampala kulikuwa na MukLA pale Makerere, kazi ya Charles Musisi, ambaye baadaye alikuja kusimamia domeni ya .ug. Na London kulikuwa na GreenNet, ambapo Karen Banks aliendesha lango la kuunganisha vituo hivi vya Afrika na dunia nzima. Mwaka 2013 aliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa intaneti kwa kazi hiyo.

Ilifanyaje kazi? Wewe uko Nairobi, unaandika ujumbe wako ukiwa hujaunganishwa na chochote. Programu inaukusanya pamoja na wa wenzako, inaubana uwe mdogo. London inapiga simu, kwa sababu kupiga kutoka huko kulikuwa bei nafuu kuliko kupiga kutoka hapa. Modemu zinapiga kelele zile. Laini ikikatika katikati, na ilikuwa inakatika, zinaendelea pale zilipoishia. Kesho yake ujumbe wako uko Uingereza.

Pale ambapo hata simu ilikuwa shida, kulikuwa na HealthNet. Hii ilitoka kwa shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown ili madaktari wa nchi maskini wapate habari za kitabibu. Walitumia setilaiti ndogo inayozunguka chini chini, na mwaka 1993 wakarusha nyingine, HealthSat-2. Setilaiti ikipita juu yako unaipa barua zako na inakupa zako, halafu inaenda zake hadi itakapopita tena. Ni posta inayoruka.

Katika muda wote niliokaa chuoni kabla ya kuacha, hakuna mhadhiri aliyetutajia hata jina moja kati ya haya. Tulifundishwa kwamba intaneti ilianzia Marekani, halafu ikafika Kenya kwa meli kama mtumba.

Sasa sikiliza jambo la maana. Hiki kituo cha Fido kilikuwa nini hasa? Kompyuta moja juu ya meza, laini moja ya simu, programu ya bure, na mtu mmoja anayejua kuirekebisha. Ndiyo seva ya nyumbani. Barua pepe ya huku haikuanza kwenye jengo la kampuni lenye viyoyozi.

Na hata ile barua pepe tunayotumia leo ilijengwa kwa roho hiyohiyo. Sheria yake ya usafiri, SMTP, iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982. Ndani yake kuna jambo ambalo kila mtu wa Turkana angelielewa bila kufundishwa. Ukitoka Kakuma na laga zimejaa, lori halitupi mizigo mtoni na kurudi. Linangoja maji yapungue. SMTP ni hivyo. Seva inayotuma ikikuta yako imezimwa, haitupi barua. Inaiweka kwenye foleni, inajaribu tena baada ya muda, na tena. Kanuni inashauri isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Postfix, programu ambayo Wietse Venema aliitoa mwaka 1998 na ambayo seva nyingi zinaitumia mpaka leo, inashikilia barua siku 5 bila wewe kugusa kitu.

Siku 5! Stima ya Lodwar hata ikilala usiku kucha, bado una muda. Anayekuambia seva ya barua haiwezi kuishi huku kwa sababu ya stima hajui kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya mahali kama huku.

.ke inazaliwa, na mlinzi mwingine anaamka

Tarehe 29 Aprili 1993 Kenya ilipewa domeni yake, .ke. Waliokabidhiwa ni Dkt. Shem Ochuodho, na kwa upande wa ufundi Mmarekani Randy Bush, aliyesaidia nchi nyingi za Afrika kuunganishwa. Mwaka 1995, kupitia kituo cha ARCC jijini Nairobi, Wakenya wakaanza kupata intaneti kamili. Kampuni zikafuata, ikiwemo Africa Online iliyoanzishwa na Wakenya watatu waliosomea Marekani: Ayisi Makatiani, Amolo Ng'weno na Karanja Gakio. Usimamizi wa .ke ulihamia kwa KENIC mwishoni mwa 2002.

Lakini njia ya kutoka nje ya nchi ilikuwa ya mmoja tu. Shirika la serikali la posta na simu, na baadaye Telkom Kenya, ndilo lililokuwa na haki ya kubeba mawasiliano ya kimataifa. Mwaka 1998 likaja na Jambonet, na kampuni zote zikapitia hapo. Matokeo yake ni kichekesho: barua pepe kutoka mteja wa kampuni moja Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine Nairobi ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi. Watu walioketi mtaa mmoja.

Novemba 2000 kampuni za intaneti zikaweka kituo cha kubadilishana, KIXP, ili barua za Kenya zibaki Kenya. Telkom ikalalamika kwamba haki yake imevunjwa. Mdhibiti wa mawasiliano, CCK, akakifunga ndani ya wiki chache. Walipigana hadi kikapewa leseni na kufunguliwa upya Februari 2002.

Unaona ule mpangilio? Ofisa wa Lokitaung na mezani kwake. Setilaiti na haki ya mmoja. Kila kizazi kina mahali pake ambapo barua lazima isimame iombe njia.

Mlango namba 25

Mwaka 2009 nyaya za baharini SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa na bei ikaanza kushuka. Ungetegemea sasa kila mtu ajiwekee seva yake, si ndiyo? Mambo yakaenda upande mwingine, na sababu yake ni halali kabisa.

Jina lake ni spamu. Ya kwanza kujulikana ilitumwa mwaka 1978 na Gary Thuerk, muuzaji wa kompyuta wa kampuni ya DEC. Miaka ya mwanzo ya SMTP ilikuwa ya kuaminiana. Seva yoyote ilikubali kubeba barua ya mtu yeyote. Matapeli wakagundua. Kisha wakagundua kitu kibaya zaidi: kompyuta za watu majumbani zikiingizwa virusi, zinaweza kutuma mamilioni ya barua huku mwenyewe amelala.

Kampuni za mtandao zikajibu kwa kufunga mlango ambao seva hutumia kupelekeana barua, yaani poti namba 25, kwa wateja wote wa nyumbani. Mwizi na mwenye haki, wote nje. Halafu zikaja hati za utambulisho. SPF inasema ni anwani zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina la domeni yako. DKIM ni muhuri juu ya barua. DMARC inasema barua isiyo na vitambulisho hivyo ifanywe nini. Februari 2024 Google na Yahoo walianza kuvidai kwa ukali, hasa kwa wanaotuma barua nyingi.

Na chini ya hayo yote kuna uhaba. Anwani za IP za mtindo wa zamani ziliisha kwenye ghala kuu la dunia Februari 2011. Kwa hivyo kampuni za simu zikaanza kuweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Sisi tuliofika mwisho kwenye foleni ya intaneti ya kasi ndio tuliokuta anwani zimeisha. Una bando, una kasi, unaangalia video, lakini duniani huna anwani. Unaweza kwenda kwa wengine. Hakuna anayeweza kuja kwako.

Sijui kama kuna maelezo mafupi zaidi ya wilaya iliyofungwa.

Nilivyojaribu Lodwar

Nilichukua Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, nikaweka Postfix ya kupeleka na kupokea na Dovecot ya kusomea. Sola, betri, ruta. Nakupa hatua za kutafuta tatizo kwa mpangilio, kwa sababu watu wengi huanzia mwisho.

Kwanza, angalia anwani ambayo ruta yako imepewa. Ikianza na 100 na namba inayofuata iko kati ya 64 na 127, acha kuhangaika na mipangilio. Uko kwenye anwani ya kushirikiana na hakuna barua itakayokufikia moja kwa moja. Yangu ilianza na 100.

Pili, jaribu kufikia seva ya nje kupitia poti 25. Kimya kirefu maana yake kuna mtu katikati amefunga. Mimi nilipata kimya. Nikapigia kampuni yangu, mhudumu akaniuliza kama nimezima ruta na kuiwasha. Nikamwambia poti 25. Akaniuliza hiyo ni bando gani.

Tatu, ukipata anwani yako halisi, hakikisha jina linaelekeza kwenye anwani na anwani inarudi kwenye jina lilelile. Hiyo rekodi ya kinyume anaiweka mwenye anwani, sio wewe, kwa hivyo itabidi uombe.

Nne, SPF, DKIM na DMARC. Hizi unaziweka mwenyewe kwenye domeni.

Tano, soma kumbukumbu za seva. Jibu linaloanza na 4 maana yake "rudi baadaye", usiguse kitu. Linaloanza na 5 maana yake umekataliwa, na mara nyingi sababu imeandikwa palepale.

Kuna siku stima ilipotea na betri ikaisha. Iliporudi, barua za majaribio nilizokuwa nimejitumia kutoka seva niliyokodi nje, kupitia njia nitakayokueleza sasa hivi, zikaingia moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyopotea. Postel alishalifikiria hilo mwaka 1982.

Kwa hivyo?

Utaniuliza kwa nini nisitumie tu Gmail kama watu wengine. Swali zuri. Tangu 2004 imekuwa bure, inachuja spamu vizuri, na sitamwambia mama muuza samaki wa Kalokol aache.

Lakini Gmail ni sanduku la mjomba. Mjomba tajiri, mkarimu, lakini hakujui na huwezi kumpata kwa simu. Pale Kakuma na Kalobeyei kuna karibu watu laki tatu. Mwaka 2008 wakimbizi wenyewe walianzisha gazeti lao la mtandaoni, KANERE, kwa hivyo usiseme hawajui thamani ya sauti. Kijana wa pale ameweka maisha yake yote kwenye akaunti moja: barua za ufadhili wa masomo, za makazi mapya, za ndugu aliye Australia. Akaunti imefungwa kwa laini ya simu. Laini ikipotea au ikizimwa, na kitambulisho cha kuirudisha kikawa na utata, anabisha mlango ambao hauna mtu ndani. Msalaba Mwekundu angalau alikuwa na dawati.

Msimamo wangu ni huu. Kitu cha kumiliki kwanza ni domeni. Ile .co.ke ndiyo S.L.P. yako mwenyewe. Ukiwa nayo, leo barua zikibebwa na kampuni fulani na kesho ikikutupa, unahamia kwingine na anwani haibadiliki. Hiyo peke yake inavunja nguvu za mjomba, na haikuhitaji uguse hata waya.

Ukitaka kwenda mbele, fanya nusu kwa nusu. Kodi seva ndogo ya nje yenye anwani halisi, iwe mlango. Iunganishe na kompyuta yako ya nyumbani kwa njia ya siri kama WireGuard. Barua zinagonga kule, zinalala kwako Lodwar. Kule nje stima haipotei, na huku ndani hakuna anayezisoma. Kutuma, pitia mtoa huduma ambaye tayari anaaminika, kwa poti 587. Na weka nakala ya pili ya barua zako, kwa sababu kadi ya kumbukumbu hufa bila kuaga.

Usifanye peke yako pia. ELCI haikuwa na kituo kwa ajili ya mtu mmoja. Shule moja ya Lodwar, kikundi kimoja cha vijana Kakuma, wale wanaouza WiFi kambini na tayari wanajua mambo ya sola, wakichanga kwa seva moja na domeni moja, gharama inagawanyika hadi inakuwa kama ya soda. Na wafundishe watu wawili kuirekebisha, sio mmoja, ili huyo mmoja naye asije akawa mjomba mwingine.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi tumetegemea cha watu ambao hata si ndugu. Kabla hujalala leo, fungua barua zako na ujiulize: hizi zikifungwa kesho asubuhi, nitamwendea nani? Kama huna jibu, anza na domeni.